Maji Yalikuwa Yakiingia Chini ya Fremu: Miezi Minane na Mpira wa Kioo cha Land Cruiser ya Baba

Machi 2024 nilikuwa nampeleka baba kliniki ya presha, kutoka nyumbani Ujiji, Kigoma, kwenda hospitali ya Maweni. Tulikuwa ndani ya Land Cruiser yake, FJ40 ya mwaka 1978, gari aliloliendesha miaka mingi akiwa dereva wa mradi wa maji, kisha akalinunua kwenye mnada mradi ulipofungwa. Mvua ikatudaka kabla hatujafika Mwanga. Haikupita muda maji yakaanza kuchuruzika kutoka chini ya dashibodi, upande wake, yakimdondokea miguuni. Baba hakusema neno. Aliinama, akavua viatu vyake vya ngozi alivyovipiga rangi jana yake usiku, akavipakata mpaka tukafika.

Siku hiyo ndiyo niliyoamua kwamba gari lile litatengenezwa. Injini yake ya petroli ya silinda sita haina tatizo, gia zinaingia, chesi bado ni imara. Niliona kilichobaki ni mpira wa kioo cha mbele tu, kazi ya Jumamosi mbili. Ikanichukua miezi minane na shilingi 1,237,000. Nimeandika kila senti kwenye daftari, na nikipiga hesabu leo, 636,000 kati ya hizo ni malipo ya makosa: vitu vilivyotupwa, kazi iliyorudiwa na kioo kilichopasuka. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha kemia na fizikia, na fedha hizo nilizitoa kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi. Najua mkoani kwetu bado yapo magari mengi ya umri huu, FJ40 na Land Rover 109, yamelala chini ya miembe yakisubiri mtu. Naandika kwa ajili ya huyo mtu.

Kosa la kwanza nilifanya mwenyewe, bila msaada wa fundi yeyote. Nilinunua tyubu tatu za silikoni kwenye duka la vifaa vya ujenzi, 8,000 kila moja, nikazungusha kioo chote kwa nje na kwa ndani. Ilipokauka niliridhika kabisa. Mvua iliyofuata maji yakaingia palepale, miguuni kwa abiria, kama vile sijagusa kitu.

Tena nilikuwa nimeliumiza gari, na hilo nilipaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Silikoni ya bei ya chini inanuka siki, na inanuka siki kwa sababu inapokauka inatoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo ikikutana na bati lisilo na rangi inaharakisha kutu. Pili, kwa kuziba pande zote nilikuwa nimeyafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia chini ya mpira, hayana pa kutokea. Tatu, silikoni ikishashika haibanduki vizuri, na mabaki yake yanazuia rangi mpya kushika. Kuisafisha baadaye kulitumaliza siku nzima kwa wembe na kitambaa. Kama lazima uzibe kwa dharura ili uvuke msimu wa mvua, tumia mastiki ile laini isiyokauka kabisa, inayobanduka kwa kidole. Silikoni iache kwenye masinki.

Juni, mvua zilipokwisha, nikalipeleka gari gereji moja mjini. Sitaitaja, maana nia yangu si kumharibia mtu riziki. Fundi alikuwa mchangamfu, akaniambia, "Dada, hii kazi ya saa mbili tu." Alianza kukitoa kioo kwa bisibisi bapa, anaingiza ncha chini ya mpira mkavu, anakunja, anasogea mbele kidogo, anakunja tena. Nilikuwa nimesimama pembeni. Kwenye kona ya chini kulia nikasikia mlio mdogo, kama mtu anavunja kijiti cha kiberiti, na mstari mmoja ukapanda kutoka ile kona hadi katikati ya kioo. Ulipanda polepole, naufuata kwa macho.

Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa tabaka mbili za kioo zilizobana utando wa plastiki katikati. Kwa hiyo hakimwagiki vipande vipande, lakini ukingo wake ni dhaifu sana. Ukikisukuma kwa viganja viwili katikati kinavumilia. Ukikigusa kwa chuma pembeni, ufa unaanzia hapo. Kama mpira ni wa zamani na hutautumia tena, usihangaike kuung'oa. Chukua wembe au kisu chenye makali, kata mdomo wake wa nje kuzunguka kioo chote, kisha mtu mmoja akisukume kutoka ndani kwa viganja na mwingine akipokee nje. Tulipofanya hivyo baadaye, kioo kilitoka kwa dakika kumi.

Kutafuta kioo kingine kulinifundisha jambo ambalo wenye magari ya kisasa hawana bahati nalo. Kioo cha FJ40 ni bapa, hakina mbinuko, kwa hiyo si lazima uagize cha kiwandani. Fundi wa vioo mwenye shiti la lamineti, yaani kioo hicho cha tabaka mbili, anaweza kukikata. Hapa mjini nilikuta maduka yanayouza vioo vya madirisha tu, na wawili waliniambia kwa nia njema kabisa kwamba kioo cha dirisha cha milimita sita kitatosha. Nawasihi msikubali. Kioo cha dirisha kikivunjika kinakuwa visu, na visu hivyo viko mbele ya uso wako na wa abiria wako. Kile kigumu cha milango ya maduka, kilichopikwa kwa moto, nacho hakifai: hakikatiki kikishapikwa, na kikipigwa jiwe kinageuka chengachenga kote kwa mara moja, huoni barabara. Nilichonga kielelezo cha plaiwudi kwa kufuata kile kilichopasuka, nikakituma Mwanza kwa basi. Kioo kilirudi ndani ya sanduku la mbao lililojazwa maranda, kimesimamishwa kwa ukingo. Sanduku na nauli ilikuwa 45,000, kioo chenyewe 230,000. Sanduku usilionee uchungu, wala usikubali kioo kilazwe chini ya mizigo.

Wakati nasubiri kioo, gereji ikashughulikia fremu ya bati inayoshika kioo. Kwenye kona za chini kulikuwa na kutu, fundi akaikwangua juujuu, akapaka puti ya kujazia mashimo, akasugua msasa, akapiga rangi. Ilipendeza. Nililipa 120,000 kwa kazi yote, kuanzia kutoa kioo, nikashukuru.

Mpira wa kwanza nilionunua ulikuwa wa kupimwa kwa mita, 42,000. Ukiutazama kwenye rola unafanana kabisa na wa zamani: mfereji mmoja wa kushika kioo, mwingine wa kushika ukingo wa bati. Tatizo linaonekana ukifika kwenye kona. Mpira ulionyooka ukilazimishwa kukunja kona unajikunyata upande wa ndani na kunyanyuka upande wa nje, na kila mkunjo ni njia ya maji. Halafu kuna kiungo, pale ncha mbili zinapokutana. Tulizibandika kwa gundi, zikaachia ndani ya wiki. Nikachagua mpira wa kuumbwa, wenye kona zake kutoka kiwandani, nikauagiza Kariakoo kwa 175,000.

Ukiagiza, usitegemee jina la gari peke yake. Kata kipande cha sentimita mbili cha mpira wako wa zamani, ukisimamishe ili umbo la mkato wake lionekane, weka rula pembeni, piga picha, mtumie muuzaji. Mwambie naye akutumie picha ya namna hiyohiyo. Mpira ukifika, ukunje kwa nguvu mbele ya macho yako. Ukiona mipasuko midogo kama ya udongo mkavu, umekaa dukani miaka mingi, urudishe.

Sasa nije kwenye mpira huo wa Kariakoo, kwa sababu ndio ulioniuma kuliko vyote. Haukutaka kuingia. Tulijaribu asubuhi nzima. Ukiingia chini, unatoka juu. Nikaanza kulaumu duka. Fundi akaleta kopo la grisi. Nilipouliza kama haina madhara, akanijibu kwa hoja ambayo mtu wa Kigoma hawezi kuipuuza: Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Kila mtoto wa hapa anaijua hadithi hiyo. Wajerumani waliikusanya hapahapa Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915, na Julai 1916, walipoona mji unawaponyoka, wakaizamisha kwa mikono yao. Kabla ya kuizamisha wakazipaka injini zake grisi nyingi. Ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. "Grisi ndiyo iliyoiokoa Liemba," fundi akasema, "itashindwaje na kampira haka?"

Nilinyamaza, na sikupaswa kunyamaza. Grisi iliokoa chuma. Chuma hakinywi mafuta. Grisi inakaa juu yake na kuyazuia maji na hewa. Mpira unakunywa. Mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, yaani grisi, oili, dizeli, yanapenya ndani ya mpira, unavimba, unalegea, nguvu yake ya kubana inakwisha. Ulipopakwa ukateleza na kuingia kwa robo saa, tukapeana mikono. Siku ya kumi nikabonyeza kioo kwa kidole kikasogea. Mdomo wa ndani ulikuwa umenenepa na kujipinda kama ulimi. Shilingi 175,000 zilikuwa zimekwenda. Nikalichukua gari nikaliondoa pale, nikaliegesha nyumbani, na kwa wiki tatu sikutaka hata kulitazama. Baba alinikuta jioni moja nimekaa barazani na daftari la hesabu, akaniambia tu, "Pumzika kwanza, mama."

Septemba, mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa mzee mmoja wa Kibirizi ambaye amechomelea bodi za magari na injini za maboti tangu ujana wake. Nilimkuta anakunywa chai. Nikamwamkia, nikamweleza yote kuanzia silikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Mwanangu, maji yanaingilia wapi?"

Nikasema, kwenye kioo.

"Umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona. Hakuna aliyekuwa ameyaona. Miezi sita, mafundi na mimi, tulikuwa tunaziba mahali tulipodhani.

Alikuja nyumbani kesho yake, na kabla ya kugusa spana akaomba ndoo mbili za maji, kopo na tochi. Baba akaletewa kiti chini ya mwembe. Mzee akaniingiza ndani ya gari, nikalala chali chini ya dashibodi na tochi, yeye akabaki nje. Akaanza kumwaga chini kabisa, pale fremu ya kioo inapokalia bodi, sehemu ndogo ya urefu wa mkono, akasubiri. Kisha sehemu inayofuata. Alikuwa hajafika hata kwenye mpira wa kioo nilipoona tone la kwanza. Lilijikusanya kwenye mshono wa bati juu ya kichwa changu, likawa kubwa, likadondoka. La pili likalifuata, kisha yakawa mstari.

Siri ya kipimo hicho ni kuanza chini na kupanda. Ukianza juu, maji yanateremka na kupita kila mahali, hujui yameingilia wapi. Panda hatua kwa hatua, na kila hatua ipe dakika mbili tatu. Kumbuka pia kwamba kwenye gari kama hili kioo cha mbele kina mipaka mitatu na kila mmoja una mpira wake: kioo na fremu, fremu na bodi kwa chini, fremu na paa kwa juu. Mimi nilikuwa napigana na wa kwanza. Maji yalikuwa yanapita wa pili.

Nikatoka kutangaza nilichokiona. Baba, kutoka kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hapo ndipo palipokuwa panavuja tangu safari za Kibondo. Nilipaziba kwa tyubu ya baiskeli."

Tulipong'oa fremu tuliikuta. Kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa kwa mkasi kwa uangalifu, kimekunjwa mara mbili na kusokotwa kwenye pengo upande wa abiria, kimekauka mpaka ukikigusa kinabaki unga mweusi kwenye vidole. Bado kilikuwa na sehemu ya namba za kiwandani. Chini yake kulikuwa na vumbi jekundu lililoshikana kama udongo wa kufinyangia, na katikati ya vumbi kulikuwa na mbegu za nyasi. Mtu aliyekaa nyuma ya usukani huo miaka na miaka alikuwa anaishi na mimi nyumba moja, tunakula sahani moja, na mimi nilikuwa natafuta jibu gereji na Kariakoo. Sikuwahi kumuuliza. Hilo linaniuma kuliko fedha.

Kung'oa fremu si kazi ngumu bali ya taratibu. Anza na boliti zinazoshika paa kwenye fremu, zote, kisha paa linyanyuliwe mbele kidogo na kuwekewa vipande vya mbao. Ndipo uje kwenye bawaba za pembeni. Zipake mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia. Sisi ilitukatikia boliti moja tu.

Fremu ilipolazwa mezani mzee akaigonga kwa kifundo cha kidole, kuanzia juu kushuka. Juu ililia kama sufuria. Kona za chini zikatoa sauti nzito, kama unagonga ukuta wa udongo. Ilikuwa puti. Tulipoikwangua tukakuta matundu mawili, moja linapitisha kidole gumba. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini mpira wa Kariakoo ulikataa kuingia. Mfereji wa mpira umetengenezwa kwa unene wa bati, labda na rangi yake nyembamba. Ukingo wa fremu yetu ulikuwa umenenepeshwa na puti na rangi juu ya rangi, na juu ya unene huo hakuna mpira ungekaa, wa kiwandani wala wa mita. Mpira ulikuwa sahihi. Fremu ndiyo haikuwa sahihi, na grisi iliificha kwa siku kumi.

Tulikata bati lote lililooza mpaka tukafika kwenye chuma kinachong'aa, tukachomelea bati jipya la milimita moja, tukasaga viungo mpaka ukingo ukawa sawa kwa kidole. Kazi hiyo ilikuwa 90,000. Kisha mzee akapima kona kwa kona kwa tepu: kutoka juu kushoto hadi chini kulia, na kinyume chake. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda, na kioo bapa ndani ya fremu iliyopinda kitapasuka siku moja kwenye matuta bila kupigwa na kitu. Yetu ilitofautiana milimita nne; aliirudisha kwa kuibana mezani kidogo kidogo. Baada ya hapo tukakilaza kioo juu ya fremu bila mpira ili kuona kama nafasi inalingana pande zote. Kipimo hicho hakina gharama yoyote, na gereji hatukukifanya.

Rangi ya chini tukapaka ile nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu mara mbili nyembamba. Nilitaka tuendelee kesho yake. Mzee akakataa, akataka siku kumi. Rangi inaweza kukauka kwa mguso na bado ikawa laini chini. Ukiibana na mpira inanata, na siku ukiutoa mpira unaondoka na rangi. Rangi na msasa vilinigharimu 65,000.

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi katikati ya Oktoba. Fremu tuliilaza mezani juu ya blanketi, maana kufunga kioo fremu ikiwa juu ya gari kunakulazimisha kupigana na urefu na upepo bila sababu. Mpira mpya, wa 175,000 nyingine, tuliuanika juani saa nzima juu ya bati mpaka ukalainika kama ngozi ya sikio. Tukauvika kwenye kioo kwanza, kuzunguka chote, tukihakikisha kila kona ya mpira imekaa kwenye kona ya kioo. Kisha tukaingiza kamba ya nailoni, nene kama mrija wa ndani wa kalamu ya wino, kwenye ule mfereji wa pili unaoshika bati. Kamba ilizunguka kioo chote, ncha zake mbili zikapishana chini katikati kwa kiasi cha shubiri, na kuning'inia upande wa ndani.

Cha kutelezesha tulitumia maji ya sabuni. Mama alitoa kipande cha sabuni ya mawese, tukaikoroga kwenye beseni mpaka maji yakawa kama uji mwepesi, tukapaka mfereji na ukingo wa bati. Sabuni inateleza wakati wa kazi, kisha inakauka na mpira unashika mahali pake. Haiudhuru.

Tukaweka kioo kwenye fremu. Kijana wa mzee akawa anasukuma kwa viganja upande wa nje, mimi nikawa na ncha ya kamba ndani. Nikavuta, na kwa pupa nikavuta kuelekea juu, moja kwa moja kutoka kwenye kioo. Mzee akanishika mkono. Ukivuta hivyo kamba inakata mdomo wa mpira kama uzi unavyokata ugali. Kamba inavutwa ikiwa imelala karibu na kioo, kuelekea katikati ya kioo, na inavutwa kidogo kidogo, sentimita mbili, unasubiri mwenzako asukume palepale ulipofika, ndipo unavuta tena. Nikarudia hivyo. Kamba ikaja, na nyuma yake mdomo wa mpira ukawa unaruka juu ya ukingo wa bati, tap, tap, tap, mmoja mmoja, kama mtu anafunga vifungo vya koti. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka. Tulimaliza upande wa chini wote, tukapanda pembeni, na juu tukamalizia katikati. Kwenye kona moja mdomo ulijikunja ndani. Tuliutoa kwa kijiti cha mbao kilichochongwa bapa kama mwiko mdogo. Bisibisi haikukaribia meza ile.

Mastiki tuliiweka baada ya kioo kukaa, chini ya mdomo wa nje, kati ya mpira na kioo na kati ya mpira na bati, ile laini isiyonuka siki. Kidogo tu. Kama fremu na mpira viko sawa, mastiki ni tahadhari.

Mpira wa chini, ule wa kati ya fremu na bodi, ndio nataka usiuchukulie kirahisi, maana ndio ulionipeleka kote huko. Bei yake ilikuwa 85,000. Jaribu litakalokupata ni kuuvuta unapoubandika ili unyooke na upendeze. Usiuvute. Mpira uliovutwa unarudi, leo au baada ya wiki mbili, na unaporudi unaacha pengo kwenye ncha, palepale kwenye bawaba maji yanapojikusanya. Ulaze ukiwa legevu, usukume kidogo kuelekea ndani, na ncha zake ziache zizidi kwa upana wa kidole mpaka fremu ikae, ndipo ukate. Halafu fremu inarudishwa na watu watatu. Boliti zote zinaingizwa kwa vidole kwanza, hakuna kukaza hata moja. Kisha unakaza kidogo kushoto, kidogo kulia, unarudi kushoto, huku mtu akitazama mpira unavyobanwa. Paa linashushwa mwisho.

Mzee nilimlipa 150,000. Aliomba pungufu ya hapo.

Kabla ya mvua tulirudia kipimo cha ndoo, na safari hii baba ndiye aliyeshika kopo. Alimwaga kwa subira yake yote, kuanzia chini upande wa abiria, ndoo tatu. Nililala chali na tochi na sikuona tone. Mvua kubwa ya kwanza ilitukuta Novemba barabara ya Mwandiga, maji mengi kiasi kwamba waipa zilishindwa. Nilikuwa nimetandika gazeti sakafuni pande zote mbili. Tulipofika nyumbani baba aliliokota la upande wake, akaligeuza huku na huku, akalikunja akaliweka kwapani.

La upande wangu lilikuwa na doa kubwa kama sahani, karibu na mlango. Jumamosi iliyofuata tulimwaga tena, chini kupanda juu, na tukayaona: yanapita kwenye mpira wa mlango wa dereva, chini ya bawaba. Nilimuuliza baba kwanza. Akasema ndiyo, mlango huo uliwahi kugongwa na ng'ombe karibu na Kasulu na haukurudi sawasawa. Kwa hiyo tutaunyoosha mlango kabla ya kununua mpira. Kipande cha zamani nimeshakikata, na picha yake, yenye rula pembeni, imeshakwenda Kariakoo.